Kukutana Tena: Kimya, Majazi na Muda katika Sehemu ya Tatu ya Filamu ya Moonlight

Visa vya wapenzi wa ujanani wanaotenganishwa na kukutana tena baada ya miaka mingi ni vikongwe katika fasihi simulizi na andishi, na ukongwe huo ndio mtego wao. Msimulizi anayevitumia hujikuta anamwahidi hadhira yake malipo: subira itavuta heri, machozi yatafutwa, na miaka iliyopotea itachukuliwa kuwa ilikuwa mtihani tu. Miaka yenyewe haihesabiwi. Aliyekaa gerezani, aliyezaa, aliyejifunza kujilinda kwa misuli au kwa bastola, hurudi katika ukurasa wa mwisho akiwa yule yule wa ukurasa wa kwanza. Ubora wa Moonlight, filamu iliyoongozwa na Barry Jenkins na kutolewa nchini Marekani mwaka 2016, unatokana hasa na jinsi inavyokataa kutoa ahadi hiyo. Makala haya yanadhamiria kuichunguza sehemu ya tatu ya filamu hiyo, ambamo wanaume wawili waliopendana wakiwa wavulana wanakutana tena ukubwani, na yanadai kwamba nguvu ya sehemu hiyo imo katika fani zaidi kuliko katika ule ujasiri wa maudhui ambao umesifiwa mno.

Chimbuko la filamu ni tamthilia ya Tarell Alvin McCraney ambayo haikuwa imepandishwa jukwaani, na ambayo anwani yake iliwataja wavulana weusi kuwa huonekana wa buluu katika mwangaza wa mwezi. McCraney na Jenkins walilelewa katika mtaa mmoja wa Liberty City, Miami, kila mmoja na mama aliyezongwa na uraibu wa dawa za kulevya, ingawa hawakufahamiana utotoni. Filamu ilipigwa kwa siku 25, kwa gharama isiyofikia dola milioni 5, kiasi ambacho kwa vipimo vya Hollywood ni kidogo sana. Tarehe 26 Februari 2017 ilitunukiwa Oscar ya filamu bora, baada ya filamu nyingine, La La Land, kutangazwa mshindi kimakosa mbele ya ulimwengu mzima. Kisa hicho cha bahasha kimeandikwa kuliko filamu yenyewe, na hakina umuhimu wowote kwa uhakiki.

Msuko umegawanywa mara tatu, na kila sehemu imepewa jina ambalo mhusika mkuu anaitwa katika umri huo: Little, Chiron, Black. Mhakiki wa Kiswahili aliyezoea kufundisha majazi atatambua mara moja kinachofanyika hapa, lakini pia atatambua kwamba majazi haya yamepinduliwa. Kwa kawaida jina la kimajazi huafiki tabia ya mhusika: tukimsikia anaitwa Majivuno tunajua tutarajie nini. Huyu wa Jenkins hafafanuliwi na majina yake, anabebeshwa. Little, yaani "mdogo", ni jina la wavulana wanaomkimbiza kwa mawe. Black ni lakabu aliyopachikwa na Kevin, rafiki yake, na lakabu hiyo ndiyo aliyoondoka nayo kwenda kuishi nayo mbali, kama mtu anavyohama na nguo moja ya mwenziwe. Jina alilopewa na mama, Chiron, linakaa katikati, na ndilo linalotumika katika sehemu anayopigwa kuliko sehemu nyingine zote.

Juan, muuza dawa za kulevya mwenye asili ya Kuba ambaye anamlea mtoto huyu nusu kama baba, anamsimulia jinsi bibi kizee mmoja alivyomwona akicheza katika mbalamwezi na kutaka kumwita kwa jina la rangi ya buluu. Mtoto anamuuliza kama hilo ndilo jina lake. Juan anakana, na kumweleza kwamba ufikapo wakati mtu hujiamulia mwenyewe atakuwa nani. Wosia huo ni mzuri, na filamu inaubeba kwa kejeli nzito: anayeutoa ndiye anayemwuzia dawa mama wa mtoto huyo huyo, na mtoto atakapokua atajiamulia kuwa Juan. Tunapokutana naye katika sehemu ya tatu, akiwa Atlanta, ana kifua cha mnyanyua vyuma, ana vifuniko vya dhahabu menoni, ana gari lenye taji dogo mbele ya usukani kama lile la Juan, na anafanya biashara ya Juan. Waigizaji watatu wanaomwigiza, Alex Hibbert, Ashton Sanders na Trevante Rhodes, hawafanani sana kwa sura, na mwongozaji alihakikisha hawakutani wakati wa kupiga picha ili yeyote kati yao asimwige mwenzake. Uamuzi huo ungeweza kuiharibu kazi nzima. Badala yake unamlazimisha mtazamaji afanye kazi ambayo Kevin naye atalazimika kuifanya: kumtafuta mtoto yule ndani ya mwili usiofanana naye.

Kabla ya kufika huko, ipo onyesho moja la sehemu ya kwanza ambalo kwa msomaji wa Kiswahili lina uzito wa pekee. Mtoto ameketi mezani kwa Juan na Teresa, anauliza maana ya tusi analotupiwa na wenziwe. Juan anamjibu kwamba hilo ni neno la kuwaumiza watu wa aina hiyo. Kisha anamwambia kwamba anaweza kuwa mtu wa aina hiyo bila ya kukubali kuitwa kwa neno hilo. Hoja yote ya Juan imesimama juu ya kuwapo kwa maneno mawili, moja la kutaja na jingine la kutukana. Mfasiri wa Kiswahili atakwama papo hapo. Neno "shoga", ambalo kwa wanawake wa pwani ni wito wa upendo kwa rafiki wa dhati wa kike, limehamishwa likawa jina la mwanamume wa namna hii, na siku hizi magazeti hulitumia kana kwamba halina ubaya ilhali mitaani hurushwa kama jiwe. Neno lile lile linapaswa kufanya kazi zote mbili. "Msenge" na "basha" ni matusi au karibu na matusi. Vifungu vya maneno vinavyopendekezwa na wanaharakati, kama "wapenzi wa jinsia moja", ni vya kiofisi mno kuweza kutamkwa na mtu mzima akimfariji mtoto mezani. Upungufu huu si wa msamiati pekee. Unaonyesha kwamba mazungumzo kama yale hayajafanyika hadharani katika lugha hii mara nyingi kiasi cha kuizalishia maneno yake, na mhakiki anayejifanya kwamba tatizo hilo halipo atakuwa anaihakiki filamu nyingine.

Sasa sehemu ya tatu. Simu inalia usiku. Ni Kevin, ambaye hajasikika kwa takriban miaka kumi. Yafaa kukumbuka jinsi walivyoachana: usiku mmoja wa ufukweni waligusana, na muda mfupi baadaye, shuleni, Kevin alishurutishwa na mnyanyasaji ampige Chiron ngumi mbele ya wanafunzi wengine, naye akampiga. Chiron hakukubali kubaki chini. Kila alipoangushwa aliinuka akapigwa tena. Kesho yake alimvunjia yule mnyanyasaji kiti mgongoni, akachukuliwa na polisi, na maisha yake yakageukia huko. Kwa hiyo pendo la kwanza na usaliti wa kwanza vilitoka katika mkono mmoja. Katika simu hiyo Kevin anaomba radhi kwa maneno machache, karibu ya kupita. Mtazamaji ana haki ya kuona kwamba hayatoshi.

Hapa ndipo ufundi wa Jenkins unapodhihirika. Radhi yenyewe haiombwi kwa mdomo, inapikwa. Chiron anaendesha gari kutoka Atlanta hadi Miami, safari ya saa nyingi, na njiani anapitia kwa mama yake aliye katika makao ya waraibu wanaopata nafuu. Mama, Paula, anamwomba msamaha waziwazi, kwa machozi, akikiri kwamba hakumpenda mwanawe alipouhitaji upendo huo. Onyesho hili limewekwa makusudi kabla ya lile la mkahawani. Baada ya msamaha uliosemwa kikamilifu, hadhira inaandaliwa kuupokea ule usiosemwa. Kevin, ambaye alijifunza upishi gerezani na sasa ni mpishi katika mkahawa mdogo, anamwandalia mgeni wake chakula cha Kikuba: kuku, maharagwe meusi, wali uliofinyangwa kwa kikombe ukasimama sahanini. Kamera inaufuata mkono wake polepole, hatua kwa hatua, kwa muda ambao filamu nyingine ingeutumia kwa busu. Ni mkono ule ule uliopiga. Chiron, ili ale, hana budi kuvivua vile vifuniko vya dhahabu, na anafanya hivyo kwa haya ya mtu anayevua silaha mlangoni mwa watu. Hakuna neno linalosemwa kuhusu jambo hilo.

Swali linalorudi mezani ni moja: kwa nini ulinipigia? Kevin halijibu. Anainuka, anaiendea mashine ya santuri, anachagua wimbo wa Barbara Lewis wa mwaka 1963 unaohusu wawili wanaokutana baada ya muda mrefu, kisha anasimama akimtazama mwenziwe auskilize. Hadhira ya taarab haihitaji maelezo hapa. Kumtumia mtu wimbo, kuinuka na kutunza wakati mwimbaji anapofika katika ubeti unaomhusu mtu fulani ukumbini, au kuvaa leso yenye jina linalomlenga fulani, ni njia ambazo watu wa pwani wamezitumia kusema lile ambalo likisemwa kavu litaaibisha msemaji na msemwa. Jenkins hakuitoa mbinu hii pwani ya Afrika Mashariki. Walioathiri kazi yake, kwa maneno yake mwenyewe, ni pamoja na Wong Kar-wai wa Hong Kong na Hou Hsiao-hsien wa Taiwan. Hata hivyo mantiki ni ile ile: wimbo ni fumbo, na fumbo humwachia mlengwa nafasi ya kujifanya hakuelewa. Chiron anaelewa. Baadaye, nyumbani kwa Kevin, anatamka sentensi ndefu kuliko nyingine zake zote usiku ule, kwamba hakuna mtu mwingine aliyewahi kumgusa. Kukiri huko hakuna urembo wowote, na uzito wake unatokana na ile miaka kumi ambayo filamu iliiruka bila kuisimulia. Pengo la msuko linageuka kuwa tabia ya mhusika.

Wapo walioilaumu filamu kwa kuishia katika kukumbatiana tu, wakisema kwamba ilijisitiri ili ikubalike kwa wasiopenda kuona zaidi. Lawama hiyo haiwezi kupuuzwa. Ni kweli kwamba filamu za mapenzi ya mwanamume na mwanamke hazidaiwi sitara ya namna hii. Lakini kwa mhusika huyu, ambaye mwili wake umejengwa kama ukuta, kuegemeza kichwa begani mwa mwingine ni tukio kubwa kuliko lolote ambalo kamera ingeliongeza. Kasoro iliyo nzito zaidi iko kwa wanawake. Naomie Harris alipiga maonyesho yake yote ya Paula kwa siku tatu, na kipaji chake ndicho kinachomwokoa mhusika asiwe bapa: mama mraibu anayepiga kelele, kisha mama anayetubu. Teresa, aliyemlisha na kumlaza mtoto huyu kwa miaka mingi, hapewi hata onyesho moja katika sehemu ya tatu. Mama wa mtoto wa Kevin yumo katika picha na maneno tu. Filamu inayojali kiasi hiki mikono ya mpishi mwanamume ilipaswa kukumbuka ni nani aliyetangulia kuandaa meza.

Ulinganisho na Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2018, unasaidia kuona jambo ambalo sifa za Moonlight hulificha. Rafiki ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka 2007, ambayo yote ni maneno ya msichana aliyebaki nyumbani akimsemesha mwenziwe anayerejea kutoka London. Yaani hadithi nzima imo katika saa za kungoja. Kahiu aliyageuza hayo kuwa kisa cha mapenzi yanayochipuka Nairobi kati ya Kena na Ziki, na kuyaacha marejeo yawe picha ya mwisho: Kena yuko peke yake mlimani, anaitwa jina, mkono unamgusa bega, filamu inakwisha. Uso wa anayerudi hauonekani. Bodi ya filamu nchini Kenya iliipiga marufuku Aprili 2018, kwa maelezo yaliyohusu zaidi mwisho wake wenye matumaini, na mnamo Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Watu walijaza kumbi. Kwa hakika mwisho huo, kama mwisho, ni mwembamba: mkono ule haujapika, haujaeleza ulikuwa wapi, haujaulizwa kwa nini umerudi. Rafiki inamalizikia pale ambapo sehemu ya tatu ya Moonlight inaanzia. Lakini bodi iliyouona mkono begani ikauhesabu kuwa ni hatari haikukosea kusoma. Ilitambua kwamba anayerudi anadai muda uliobaki.

Jenkins naye anajua kuwa muda uliopita hautarudishwa kwa sahani moja ya wali. Ndiyo maana, baada ya kumbatio, hatuonyeshwi asubuhi ya wawili hao. Tunarudishwa ufukweni, usiku, kwa mtoto wa sehemu ya kwanza aliyetupa mgongo, ngozi yake ikiwa ya buluu katika mbalamwezi. Anageuka, anatutazama. Hakuna aliyemwita.