Bondo la samaki wa dhahabu

Mtu wa Busega hahitaji kufundishwa bondo ni nini. Ukimpasua sangara unalikuta limelala chini ya uti wa mgongo, jeupe na laini. Likikaushwa hupata bei inayoipita minofu, na mengi huishia China. Huku Sapiwi, mbali na ziwa, mimi nilianza kulifikiria bondo kwa makini siku nilipomkuta samaki wa mapambo wa mtoto wa kaka yangu anaelea tumbo juu ndani ya tangi la kioo.

“Baba mdogo, amekufa?”

“Hajafa, mama. Tazama matamvua yake.”

Vifuniko vya matamvua vilikuwa vinafunguka na kufunga, polepole. Kila alipojaribu kushuka, alipiga mkia mara tatu nne, akafika katikati, kisha akarudi juu kama kizibo.

Nyama na mifupa ya samaki ni mizito kuliko maji. Bila mfuko wa gesi angezama kila anapopumzika, na ndiyo kazi ya bondo, ambalo kwa samaki wa mito na maziwa huchukua karibu asilimia 7 ya ujazo wa mwili. Bondo la sangara limefungwa kabisa. Gesi huingia na kutoka kupitia damu, taratibu. Ndiyo maana sangara anayevutwa haraka kutoka kina kirefu hufika juu mfuko wa tumbo umemtokeza mdomoni: gesi imetanuka na haina pa kupitia. Samaki wa dhahabu ameumbwa vingine. Bondo lake lina vyumba viwili, na kutoka chumba cha nyuma kuna mrija mwembamba unaofika kooni. Anaweza kumeza hewa, na anaweza kuitoa.

Tena samaki huyu hana mfuko wa tumbo. Chakula kikitoka kooni kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo, na utumbo umejikunja jirani kabisa na bondo. Ukijaa na choo kikagoma, bondo linabanwa. Wafugaji wa China, waliomlea kwa zaidi ya miaka 1,000, walizalisha aina fupi za mviringo zenye mkia wa matawi mawili, na ndani ya mwili huo mfupi viungo vimesongamana. Wa mtoto wetu ni wa aina hiyo, mviringo kama limao.

Kabla ya kugusa chochote niliuliza analishwa nini. Chembe kavu zinazoelea, mara tatu kwa siku, kila mara mpaka mtoto achoke kutazama. Samaki anayekula juu ya maji humeza na hewa, na chembe kavu zikilowa humvimbia ndani. Nikamkagua: kidonda hana, magamba yamelala vizuri, tumbo limevimba, uzi wa choo unaning'inia. Magamba yangekuwa yamesimama ningehofia figo, na hadithi ingekuwa nyingine.

Tulianza na maji, kwa sababu yalikuwa yananuka. Tulikinga ndoo ya maji ya bomba, tukaiacha wazi hadi kesho yake klorini ipungue, kisha tukabadilisha theluthi moja tu, yakiwa na joto lilelile la tangini. Kina tulikishusha hadi shibiri moja ili asihangaike kupanda na kushuka. Tangi tulilitoa dirishani, maana ilikuwa Julai, na baridi ya alfajiri hupunguza kasi ya utumbo. Halafu tukamfungisha siku tatu. Mtoto alilia kwa huruma, lakini samaki wa dhahabu mwenye afya huvumilia zaidi ya wiki bila chakula.

Siku ya nne tulichemsha njegere moja kutoka sokoni Bariadi, tukaimenya ganda, tukaikatakata vipande vya ukubwa wa punje ya uwele. Siku ya tano ilitoka kamba ndefu ya kijani. Siku ya sita alikuwa amesimama wima karibu na mchanga, mkia umeinuka kidogo.

Sifa zote nyumbani zilikwenda kwa njegere. Mimi nasema kazi kubwa ilifanywa na mfungo na maji safi, njegere ilimalizia. Na kama bondo lina maambukizi ya bakteria, au samaki amezaliwa nalo limepinda, njegere haitamsaidia. Alikuwapo aliyetushauri tumkamue tumbo ili hewa itoke. Usifanye hivyo kamwe, wala usimchome sindano, utampasua viungo.

Sasa anakula mara mbili kwa siku, chembe zikiwa zimelowekwa mpaka zizame, kiasi cha kumaliza ndani ya dakika mbili. Wako akipinduka leo, mwangalie matamvua kwanza. Yakiwa yanacheza, usimtupe.