Kumi na mbili, ishirini na nne, thelathini na sita

Kuanzia wiki ya pili ya Desemba, Juja hupungua watu. Wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT wameshafunga mabegi, vibanda vya chipsi vya Gachororo vinafungwa mapema, na kwenye steji nauli inapanda kila gari moja likijaa. Wanaobaki ni wenye makao: walimu waliostaafu, wachuuzi, mafundi wa mawe ya Ndarugo, mashosho na wajukuu waliofunga shule. Nyumba zao ndizo zinazopambwa, na karibu kila kinachozipamba kimetoka mikononi mwao, kwa vitu ambavyo mwezi mwingine vingetupwa au vingewashia jiko.

Mti wenyewe haununuliwi. Mashamba mengi ya Kiambu yamezungushiwa ua wa saiprasi, na ua sharti upogolewe hata kama hakuna sikukuu. Tawi lililonyooka linawekwa kando, linasimamishwa kwenye debe la rangi lililojaa kokoto na maji, basi. Saiprasi asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na umeenea hapa tangu enzi za ukoloni hata watu wamesahau kuwa ni mgeni. Mwaka 1990 vidukari wake nao wakafika Kenya, na nyua nyingi zikageuka rangi ya kutu. Siku hizi mwenye ua mzito hukata tawi upande unaopigwa na jua, kwa sababu upande wa kivulini matawi ni machache na mapambo yananing'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani.

Halafu kuna minyororo ya karatasi, kazi ya watoto, na hapa ndipo ninapotaka wenye haraka wapunguze mwendo. Desemba ndiyo majira yake kwa sababu ya malighafi: daftari zimekwisha, na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi imebakiza ukurasa mmoja. Mtoto anayejua kazi hapimi kwa sentimita. Anailaza rula juu ya karatasi na kupiga mistari pande zake zote mbili. Upana wa rula ndio upana wa ukanda, na urefu wake ukigawanywa mara mbili ndio urefu wa pete. Kila pete hivyo inakuwa ndugu wa mwenzake bila hesabu yoyote. Asiye na rula hukata kwa macho, na mnyororo wake ukiangikwa utamwona mara moja: pete kubwa inavuta chini, ndogo inakaza, na mstari mzima unachechemea kutoka pembe moja ya sebule hadi nyingine.

Gundi ni unga wa ngano. Unakorogwa kwanza kwa maji baridi hadi uwe laini, ndipo unapotiwa kwenye maji yanayochemka. Ukianza na ya moto utapata madonge, na donge likikauka ndani ya pete linaonekana kama chunusi. Kalenda ina ukaidi wake, kwa kuwa upande wa picha unang'aa na unga haushiki vizuri. Dawa yake ni kukwaruza ncha ya ukanda kwa msasa kidogo, au kwa ukuta wa nje ambao haujapigwa plasta, kisha kuibana kwa kibanio cha nguo hadi ikauke. Nimeona nyumba yenye vibanio vingi kwenye minyororo kuliko kwenye kamba ya kuanikia, na shati za baba zimelala kwenye nyasi zikisubiri zamu.

Wenye ari zaidi hutumia katani. Kati ya Ruiru na Makuyu katani ilikuwa na mashamba makubwa kabla ya ardhi kuanza kukatwa ploti, na mashina yake bado unayakuta mipakani. Mmea huo uliletwa Tanganyika ya Wajerumani mwaka 1893 na Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, iliyofika hai ni 62 tu. Kwa ajili ya Krismasi, uzi wake unachovywa kwenye gundi ileile ya unga na kuzungushwa juu ya baluni. Ukikauka, baluni inatobolewa na tufe linabaki tupu, la kuangikwa dirishani. Ni kazi nzuri, ingawa kwa maoni yangu inapendeza zaidi wakati wa kuitengeneza kuliko ikishaangikwa.

Lakini kinachoitofautisha sebule ya Juja iliyojiandaa na ile ambayo haijajiandaa ni vitambaa vya viti. Saiprasi na karatasi zitaondoka Januari. Vitambaa vya kroshia vimefumwa mwaka mzima, vimefuliwa, vimetiwa wanga na kupigwa pasi ili vilale migongoni na mikononi mwa makochi siku ambayo wageni wa mbali wataingia. Sababu yake ya kwanza ni ya kawaida kabisa: vumbi. Malori ya mawe hayapumziki hapa, na kochi lisilofunikwa linabadilika rangi kabla ya mwaka kuisha. Sababu ya pili ni mafuta ya nywele, na hilo si jambo la Wakenya peke yao. Waingereza wa karne ya 19 walianza kufunika viti vyao kwa vitambaa kwa sababu wanaume walijipaka mafuta ya Macassar kichwani, yakachafua kila walipoegemea.

Sindano yenyewe ilikuja na wamisionari na shule zao, kisha ikasambazwa na vilabu. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952, mwaka uleule Hali ya Hatari ilipotangazwa, na vilabu vyake vilifundisha kushona, kufuma, kupika na usafi wa nyumba. Nia haikuwa uzi peke yake; serikali ya kikoloni ilitaka kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau. Siasa ile imekwisha na sindano imebaki. Baadaye mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ukaipeleka darasani kupitia somo la Sanaa na Ufundi, na kizazi kizima kikajifunza kufuma kwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Wazazi wanaolalamika leo kuhusu kazi za mikono za mtaala wa CBC wengi wao ni mabingwa wa spoki wasiotaka kukumbushwa.

Shosho mmoja, jirani yangu upande wa Kalimoni, hufuma akiwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, bonge la uzi likiwa ndani ya sufuria iliyotoboka ili lisiviringike hadi kwa kuku. Uzi ndio gharama yote. Bonge moja halifikii nauli ya kwenda Nairobi na kurudi msimu wa Krismasi, na linatoa kitambaa kizuri cha meza ndogo. Zinazobaki ni saa, na Desemba ana saa.

Anaanza kwa vitanzi vichache vilivyoungwa kuwa duara. Ndani ya duara anapiga mishono mirefu 12. Raundi inayofuata kila mshono unabeba miwili, jumla 24. Kisha 36, kisha 48: kila raundi inaongeza 12, na nyongeza zimesambazwa sawasawa kuzunguka. Ukifuata hivyo kitambaa kinalala bapa kama chapati. Ukiongeza pungufu, ukingo unakaza na katikati panainuka, kitambaa kinakuwa bakuli. Ukizidisha, ukingo hauna pa kukaa, unajikunja mawimbi. Yeye haiti hilo hesabu. Ni mzingo wa duara unaokua sambamba na nusu kipenyo chake, jambo ambalo wahandisi wa ng'ambo ya barabara wanafundishwa kwa alama za Kigiriki.

Mawimbi yale, ambayo yangemfanya shosho afumue usiku kucha, yalimpa mwanahisabati mmoja jina. Mwaka 1997 Daina Taimina, Mlatvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alifuma kroshia kwa kuzidisha mishono makusudi, kwa kipimo kisichobadilika, ili wanafunzi wake washike mkononi aina ya jiometri ambayo karatasi inashindwa kuionyesha vizuri. Alichohitaji ni kilekile anachohitaji shosho: mkono usiobadilisha mkazo kutoka mshono wa kwanza hadi wa mwisho.

Huo mkazo ndio sanaa yote. Kitendo kimoja cha kroshia ni rahisi kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili anakijua kwa alasiri moja: zungusha uzi, ingiza, vuta, pitisha. Kukirudia mara elfu bila kimoja kuonekana tofauti na vingine, huku ukimjibu mjukuu, ukimfukuza kuku na kufuatilia taarifa ya habari, hiyo ni kazi nyingine. Shosho anapitisha uzi juu ya kidole cha shahada na kuuzungusha kwenye kidole cha mwisho, na kidole hicho ndicho breki yake. Akifika pagumu hakikazi. Anapunguza mwendo tu. Viwanda vina mashine za kusokota na kufuma, na Ruiru penyewe kiwanda cha Spinners & Spinners kilitengeneza nyuzi na blanketi, ila kroshia halisi bado mashine za viwandani hazijaiweza. Kila kipande unachokiona mahali popote duniani kimepita kwenye vidole vya mtu.

Mwaka huu msichana mmoja wa chuo hakusafiri. Anafuma zile kofia za ukingo mpana na vitopu ambavyo vijana wanavipenda siku hizi, anauza kwa simu, na mishono yake mingi ameisoma kwenye video. Alikuja na kofia yenye sehemu ya juu iliyokamilika na kumwonyesha shosho, nadhani akitarajia kusifiwa. Shosho aliilaza kwenye goti, akapitisha kiganja juu yake mara moja.

"Hii imekaza, nyũmba yakwa. Raundi ya nne."

"Niko sawa, Shosho. Nilihesabu."

"Hesabu tena."

Msichana akahesabu kwa ukucha, midomo ikitembea. Ilitoka 46. Mishono miwili ilikuwa imerukwa, na kiganja kiliisoma kabla ya macho. Akafumua hadi pale, bila kununa, na shosho akarudi kwenye nanasi lake.

Nanasi ni nakshi inayopendwa kuliko zote hapa, na mgeni anayepita mashamba ya Del Monte nje ya Thika atadhani imechukuliwa huko. La hasha, ni nakshi ya vitabu vya mishono, iliyovuma sana Marekani katikati ya karne ya 20. Ila imepata nyumbani. Inaanza na kipepeo cha mishono mirefu iliyokaa pamoja kwenye shimo moja. Raundi inayofuata, vijitao vidogo vya uzi vinaruka kutoka mshono hadi mshono. Kisha kila raundi inapoteza kijitao kimoja, na tunda linasinyaa taratibu hadi kubaki kimoja kwenye ncha, huku mishono ya pembeni ikiendelea kulizunguka na kulishikilia. Mfumaji hodari unamjua hapo kwenye ncha. Wengi wakifika karibu na mwisho hukaza mkono kwa hamu ya kumaliza, na nanasi linainama upande. Ya huyu shosho yote yanatazama nje, yamenyooka.

Wanga ndio hatua wanayoipuuza wanaoanza. Kitambaa kisichotiwa wanga kinakuwa kitambaa cha jikoni kilichopotea njia. Shosho hutumia maji ya mchele yaliyochujwa, mepesi kwa vitambaa vya mikono ya kochi, mazito kwa cha meza. Wapo wanaotumia maji ya sukari, ambayo hukaza kweli na kufanya ukingo usimame kama kola ya askofu, lakini mimi nisingeyapendekeza kwa nyumba yenye sisimizi. Kikiwa bado kibichi kinatandazwa juu ya ubao uliofunikwa shuka na kuvutwa kwa pini, ncha moja baada ya ile inayoikabili, kama fundi anavyofunga boliti za gurudumu. Jua la Desemba linamaliza kazi kwa muda mfupi. Julai, na mawingu yake ya kila siku, kitambaa kingechukua siku mbili na kunuka uji.

Seti kamili ya sebule, yaani kochi la watu watatu, la wawili, viti viwili na meza, ni migongo saba, mikono kadiri ya viti vyako, na kitambaa kikubwa cha katikati. Hiyo huanzwa miezi mingi kabla ya sikukuu, na anayeitaka kwa Krismasi hii bila kuwa ameanza atafute wa kumwazima. Cha meza ndogo bado kinawezekana: bonge moja, sindano namba mbili, na jioni za wiki moja kama wajukuu wako wanashughulika na karatasi. Nunua uzi mweupe wa pamba. Wa sweta unang'aa dukani na bei yake ni nafuu, lakini ni wa plastiki, haunywi wanga, na pasi ya moto ikiugusa mara moja, raundi zako zote zimekwisha.