Sanaa ya Kuitayarisha Hofu

Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, nikikaa mwaloni Kibirizi nikazitazama taa za wavuvi wa dagaa zilivyotandaa juu ya Ziwa Tanganyika, hata jicho lisiweze kupambanua maji yanapokoma na mbingu inapoanzia, hunijia yakini kwamba riwaya ya kutisha haianzi kwa jini wala kwa mzimu, bali huanzia katika kazi halali ya watu wanaotafuta riziki. Imempasa mwandishi, kabla hajathubutu kuandika hata aya moja, ajue nyavu hushushwaje, taa huwashwa saa ngapi, na kwa nini mbalamwezi ikichanua wavuvi hubaki nchi kavu. Kwani atakayeshtuka kwa taa ya hamsini na moja ni yule msomaji aliyekwisha kuziamini zile hamsini zilizotoka jua lilipokuchwa. C. G. Mung'ong'o alilifahamu hili alipotunga Mirathi ya Hatari, iliyotoka mwaka 1977, ambamo kijana hurithishwa uchawi na babaye kama mtu arithivyo shamba.

Na ziwa lenyewe ni ustadhi. Kina chake hufika mita zipatazo 1,470, lakini chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni ya kuhuisha samaki, hivyo migebuka na dagaa wetu wote huishi katika utando mwembamba juu ya weusi usio na pumzi.

Lakini somo kubwa kuliko yote nimelipata kwa meli ya Liemba. Iliundwa na Wajerumani huko Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari na kwa reli hata Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, adui walipokaribia, mafundi waliamriwa waizamishe. Nao, kabla ya kuitosa, wakaipaka mitambo yake grisi nzito, kwa tamaa kwamba iko siku itaibuka. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 mitambo ilikuwa ingali yafaa, na mwaka 1927 ikarudi kuchukua abiria, ambao walilala juu ya chuma kilichokwisha kulala kaburini.

Hayo ndiyo matayarisho ninayoyasifu. Kitakachofufuka katika sura ya ishirini, kiwe ni maiti, kiapo au deni la damu, sharti kizamishwe katika sura ya pili na mkono uliokwisha kukipaka mafuta. Asiyefanya hivyo hulazimika kuleta zimwi lisilo na asili, na msomaji hufunga kitabu akalala salama.

Iko pia haki ya kuchungwa. Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha misafara, na wengi waliopita chini ya miembe yake walikuwa wamefungwa minyororo. Mifupa yao si pambo la hadithi. Tena, katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa wekundu wa macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni, mwandishi amfanyaye ajuza mchawi kwa macho yake tu ametenda dhuluma, nami simsamehe.

Basi wewe kijana wa Ujiji uliyeazimia kuandika, usikimbilie makaburini. Chukua daftari, ushuke Kibirizi jua likichwa, uzihesabu taa zinapotoka. Kisha ukae hata alfajiri, uzihesabu zinaporudi.