Ukuta Mweupe wa Vermeer

Katika miaka yangu ya kufundisha chuo cha ualimu nilipata kumpa mwanachuo mmoja alama 38 kwa mia, kwa kosa la kuupaka ukuta mweupe rangi ya njano na zambarau. Tuliwaagiza wachore darasa lao jua la alasiri linapoingia. Nikamwandikia kwa wino mwekundu: “Ukuta ni mweupe. Chora unachokiona.” Nilikuwa na hakika kabisa, kama tulivyo walimu wengi tushikapo wino mwekundu.

Mwaka 2023 binti yangu alipita Amsterdam wakati jumba la Rijksmuseum lilipokusanya pamoja picha 28 za Johannes Vermeer, mchoraji wa Delft ambaye picha zake zote zijulikanazo hazifiki 40. Akaniletea nakala ya ile ya mtumishi wa jikoni akimimina maziwa, iliyochorwa karibu na mwaka 1660. Nimeitundika sebuleni, mkabala na kiti changu. Nakala ina upungufu wake, hasa kwa rangi ya buluu, lakini kwa hili ninalotaka kulisema yatosha.

Ukiitazama kwa haraka utasema bwana huyu alinakili jiko tu. Mwanamke mwenye mikono ya kazi, blauzi ya njano, aproni ya buluu, mikate mezani, dirisha upande wa kushoto, ukuta mtupu uliochomekwa msumari. Lakini kaa nayo kidogo. Ule ukuta wa chokaa hauna sehemu mbili zinazofanana. Karibu na dirisha ni wa kijivu, kwa kuwa nuru inaupita pembeni. Nyuma ya mgongo wa mwanamke unang'aa. Sasa angalia mpango wake: upande wa mwanamke ulio kwenye mwanga umewekwa mbele ya ukuta uliofifia, na upande ulio kivulini mbele ya ukuta unaong'aa. Na hapo ukingoni mwa mgongo ameongeza mstari mwembamba mweupe ambao hutauona katika jiko la mtu yeyote. Aliuhitaji, basi akauweka.

Mikate nayo imenyunyiziwa vitone vyeupe vinavyometameta. Shaba humeta, maji humeta. Mkate mkavu haumeti hivyo. Viondoe vitone hivyo akilini, na mkate unakufa mezani. (Vermeer alifariki mwaka 1675 akiwa na miaka 43, na mjane wake, Catharina Bolnes, alimkabidhi mwokaji Hendrick van Buyten picha mbili kwa deni la gilda zaidi ya 600. Deni la mikate!)

Na ile buluu ilitokana na jiwe la thamani lililochimbwa Badakhshan, huko Afghanistan. Wachoraji wa Ulaya walizoea kuitunza kwa ajili ya vazi la Bikira Maria. Yeye akamvika mtumishi wa jikoni.

Mwaka 2022 watafiti wa jumba lile walitangaza kwamba chini ya rangi, nyuma ya kichwa cha mwanamke, kulikuwa na ubao wa kutundikia magudulia, na pembeni kikapu cha kuwekea moto. Alivianza, kisha akavifuta. Vyombo vya kweli vya jikoni amevifuta, bali msumari na kivuli chake kidogo ameviacha! Mwenye kunakili tu hawezi kufanya hivyo.

Sisemi kila picha yake ina uzito huu. Ile aliyochora baadaye kuhusu Imani, yenye mwanamke aliyeweka mguu juu ya tufe la dunia, ina ustadi wote lakini hainigusi. Mchoraji huyu alihitaji kitu cha kawaida mbele yake ndipo mkono wake uwe huru.

Yule mwanachuo alikwenda kufundisha shule ya msingi, na hatujaonana tena. Sikuwahi kumwambia kwamba yeye ndiye aliyechora alichokiona, nami nilisahihisha nilichokijua.

Saa kumi jua huingia sebuleni kwangu kupitia wavu wa dirisha. Ukuta wangu nao ni wa chokaa. Jana nilimwita mjukuu wangu, nikamwuliza ni wa rangi gani.

“Mweupe, babu,” akajibu, bila hata kuutazama. Yuko darasa la tatu.