Macho hayana pazia

Mara nyingi tunahukumu vitabu, nyimbo na filamu. Leo tunataka kuhukumu kitu ambacho watu hawana desturi ya kukihukumu, ingawa kila mmoja wetu anakitazama bure: namna maduka ya miji yetu yanavyojipamba mbele ya wapita njia. Wengine watacheka. Watasema kwamba vitrini ni kazi ya mfanya biashara, wala si kazi ya msanii. Haya, na tuone.

Wafaransa wana neno la kuchekesha juu ya mtu anayezunguka mjini kutazama maduka bila kununua. Husema mtu huyo analamba vitrini. Neno hili limefika kwetu pamoja na Kifaransa cha shule, na Jumamosi mchana, mshahara ukiwa bado mbali, wanaolamba ni wengi. Sisi hatuoni ubaya. Wazee walikwisha kusema kwamba macho hayana pazia. Lakini mwenye duka anajua jambo jingine: jicho ni mlango wa mfuko. Kwa hiyo mbele ya kila dirisha tunajiuliza neno moja tu. Je, linatupa kitu, ama linataka kutuchukulia tu?

Zamani, hata Ulaya, duka lilikuwa mara nyingi chumba cha giza. Mnunuzi aliingia, akaomba, muuzaji akatoa kitu kutoka nyuma ya meza, wakabishana bei. Mjini Paris, Aristide Boucicaut, aliyeingia katika biashara ya Bon Marché mwaka 1852, alieneza desturi nyingine: bei imeandikwa, ni moja kwa wote, na kila mtu ana ruhusa ya kuingia na kutazama bila kulazimishwa kununua. Huko London, Mmarekani aitwaye Selfridge alifungua duka lake mwaka 1909, akaagiza taa za madirisha ziwake hata usiku, milango ikiwa imefungwa, ili watu wanaotembea jioni wapate cha kutazama. Tangu hapo dirisha la duka likawa kama jukwaa la mchezo. Wasanii wenyewe hawakulidharau. Mwaka 1939 duka la Bonwit Teller la New York lilimwita Salvador Dalí apambe madirisha mawili. Wenye duka walipobadilisha kazi yake bila kumwuliza, alikasirika, akasukuma beseni la kuogea hata likapasua kioo, naye akaenda pamoja na polisi. Katika duka hilohilo, mwaka 1961, Andy Warhol alitundika picha zake nyuma ya sanamu zilizovaa nguo za akina mama. Picha zake za makopo ya supu zilionyeshwa mwaka mmoja baadaye.

Hayo ni ya kwao. Kwetu habari za vitrini ni nyingine kabisa.

Tuchukue Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville. Maduka yake mengi yalikuwa ya Wagiriki, na ya Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Vioo vilikuwapo, na vitu vizuri nyuma ya vioo. Lakini kati ya mji wa wazungu na site ya Waafrika paliachwa uwanja mtupu makusudi, na usiku Mwafrika hakuweza kuzunguka mjini bila karatasi ya ruhusa. Basi, taa za vitrini zilipowashwa, ziliwaka kwa ajili ya watu wengine. Tena katika maduka mengi ya wazungu Mwafrika hakuingia ndani na kuchagua kwa mkono wake. Alihudumiwa pembeni, kwenye kidirisha. Madirisha yalikuwa mawili: kubwa la kutazamwa, na dogo la kulipia. Mambo hayo yalianza kulegezwa katika miaka ya mwisho tu kabla ya uhuru wa 1960.

Kwa hiyo tukimwona leo baba mmoja wa Katuba, Dominika baada ya Misa, anatembea polepole mjini pamoja na mke wake na watoto, wanasimama hapa, wanasimama pale, hawanunui kitu, sisi hatusemi kwamba wanapoteza wakati. Babu yake hakuwa na nafasi ya kutembea hivyo.

Kisha ikaja ile miezi ya Septemba na Oktoba 1991. Uporaji ulianza Kinshasa, ukafika hata Katanga. Vioo vilivunjwa, maduka yakaachwa wazi kama mifuko iliyogeuzwa. Mwaka 1993 Kinshasa iliporwa tena. Kioo cha duka ni kama neno la imani kati ya mwenye mali na barabara: mimi naweka vitu vyangu hapa, mkono wako na changu vimetengwa na unene wa kidole tu. Imani hiyo ilipokufa, wengi waliweka nondo na mabati. Hata leo, katika miji yetu, tunatazama bidhaa nyingi kupitia vyuma, kama watu waliokwenda gerezani kumsalimu ndugu.

Na hapa ndipo jambo zuri lilipo. Penye ukosefu wa kioo pana ukuta, na ukuta ukapakwa rangi. Mwenye duka dogo la site hana vitrini, na hata angekuwa nayo angeogopa. Anaita mchoraji. Mchoraji anaweka nje, kwa rangi ya mafuta, vile vilivyofungiwa ndani: mfuko wa unga, chupa ya mafuta, sabuni, mkate uliokatwa, samaki mwenye jicho kubwa. Kwa kinyozi anachora vichwa sita au vinane, kila kimoja na mtindo wake. Kwa fundi wa nguo anachora mama mnene amevaa kitenge, mkono kiunoni, anatutazama kana kwamba sisi ndio tunauzwa. Kwa mwuza nyama, kichwa cha ng'ombe kinachocheka, neno ambalo hatujalielewa mpaka leo, kwa maana ng'ombe huyo hana sababu ya kucheka.

Tumekwenda tukatazama kuta za namna hiyo katika Kamalondo, Kenya na Katuba, tukajaribu kuzihukumu kwa haki kama tunavyohukumu picha za kanisani. Nyingi si nzuri. Mchoraji anaharakishwa, rangi imeongezwa mafuta mengi, mkono wa mtu una vidole sita. Lakini zile zilizo nzuri, ni nzuri kwa sababu tunazoweza kuzitaja. Mchoraji mwema anajua kwamba vumbi jekundu la Katanga litapanda toka chini, kwa hiyo anaanza na rangi nzito chini, na nyeupe anaiweka juu. Anajua kwamba mtu anapita kwa miguu, au juu ya pikipiki, naye ana nafasi ya kupumua mara mbili tu. Basi anachora kitu kimoja kikubwa na kukiacha peke yake. Yule asiyejua anajaza ukuta mzima, na jicho halijui mahali pa kukaa. Kosa hilohilo tunaliona katika vitrini za vioo za mjini: viatu mia vimepangwa kama askari, na hakuna kimoja tunachokikumbuka tukifika kwenye kona.

Msidhani tunakuza mambo madogo. Picha za Kongo zinazotazamwa leo katika majumba makubwa ya dunia zilianza mahali hapo. Mwaka 1926, kule Bukama, Mbelgiji Georges Thiry alimkuta Albert Lubaki anapaka picha juu ya kuta za nyumba. Alimpa karatasi na rangi za maji, na mwaka 1929 picha zake zilitundikwa Bruxelles. Karatasi zimebaki, kuta zimekwisha anguka. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956, alifika Kinshasa mwaka 1972 akaingia kazi kwa wachora vibao vya maduka. Mwaka 1975 alifungua chumba chake mwenyewe, akaweka picha zake nje, barabarani, mtu asilipe kitu kuzitazama. Aliona kwamba wapita njia wanatupa jicho na kwenda zao. Akaanza kuandika maneno juu ya picha, ili atakaye kuyasoma alazimike kusimama. Hiyo ni akili ya mtu wa vibao! Mwaka 1989 picha zake zilikuwa Paris, na maneno hayo bado yamo ndani yake.

Yupo na Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa Elisabethville, aliyezaliwa mwaka 1947. Yeye hakungoja watu mlangoni. Alibeba picha chini ya kwapa na kupita nyumba kwa nyumba kuziuza. Katika 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yetu yote katika picha kama mia, akamweleza kwa Kiswahili mwalimu Johannes Fabian maana ya kila moja. Kitabu chake kikatoka mwaka 1996. Picha za namna hiyo watu wa Lubumbashi waliziita ukumbusho, wakazitundika sebuleni, mahali mgeni atakapoziona kwanza. Methali inasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima yote kwa wazee, Tshibumba alijitembeza, na kazi yake ilikuwa njema sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika.

Juu ya soko hatusemi mengi, kwa sababu akina mama wauza bikwembe hawahitaji masomo yetu. Mama anakunja kila kipande kwa upana mmoja, anaweka manjano karibu na buluu, anafunika ua kubwa kwa ua dogo ili ubaki na hamu, naye amemaliza. Hakuna mpambaji wa vitrini mjini anayemfikia. Afadhali wale wanaovalisha vitenge sanamu za plastiki zisizo na kichwa, zenye ngozi nyeupe kama mshumaa, wangekwenda kusimama sokoni asubuhi moja.

Sifa hizi hazituzuii kulaumu. Kosa kubwa la madirisha yetu, ya kioo na ya ukuta, ni kuficha bei. Mnunuzi anaingia, muuzaji anatazama viatu vyake, kisha anataja franka. Mwenye viatu vizuri analipa zaidi, na mwenye viatu vibaya anaona aibu kuuliza, anatoka. Boucicaut hakuwa mtakatifu, alitafuta faida kama wote, lakini alielewa kwamba bei iliyoandikwa inampa maskini uhuru wa kutazama bila kuaibika. Dirisha lenye bei linasema kweli. Lisilo na bei linaweza kuwa zuri kama bustani, bado limetuwekea mtego.

Na siku za Noeli je? Hapo tunaona pamba imetandazwa ndani ya vitrini za Lubumbashi kuwa theluji, na nje mvua ya Desemba inapiga mabati. Tunajua ni desturi iliyotoka mbali. Lakini mtoto anauliza theluji ni nini, baba hana jibu, wanaondoka. Kwa nini mchoraji wa kibao asipewe dirisha hilo wiki tatu tu? Angeweka maembe, yaliyoiva wakati huohuo, na mvua yenyewe.

Lakini si wapambaji wa pamba wanaotutia wasiwasi. Tukitembea leo katika barabara za site, tunaona nyumba moja, mbili, kumi mfululizo, zote za rangi moja tangu chini hata juu. Makampuni ya simu yamezipaka bure, pamoja na alama zao. Mwenye duka hatumlaumu. Rangi ni ghali, ukuta wake ulikuwa umechakaa, naye amepewa mpya bila kutoa senti. Pengine sisi pia tungekubali. Lakini kinyozi na mwuza nyama sasa wana uso mmoja, na mgeni hawezi kuambiwa tena, "Geuka kushoto penye samaki mkubwa." Tena kuna mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine. Kichwa kinachotangaza mitindo ya nywele ni cha mtu wa nchi nyingine, kimechukuliwa katika kompyuta, na kichwa hichohicho mtakikuta Goma na Kalemie. Bango linatoka mashineni haraka na herufi zake zimenyoka. Mchoraji anahitaji siku kadhaa, chakula cha mchana, na wakati mwingine anakosea herufi za Kifaransa. Katika hesabu ya faida na hasara, ameshindwa.

Tunasema hivi kwa sababu kazi ile ilikuwa shule. Kijana aliyeanza kwa kuosha brashi za fundi wake aliinuka akapaka kiwanja cha nyuma, kisha herufi, kisha kivuli cha herufi, mwishowe uso wa mtu. Samba alipita njia hiyo. Mashine haimfundishi mtoto kuchora jicho la samaki.

Wenye maduka wanaosoma gazeti hili, na wasimamizi wa shule na vituo vya parokia wenye kuta zinazongoja rangi, wanaweza kuwatafuta mafundi hao, nao si wagumu kupatikana. Mtazame kona ya chini ya kibao, upande wa kulia, penye vumbi. Mkifuta kwa kidole mtakuta jina la mchoraji, na mara nyingi namba yake ya simu.