Kutikiswa au Kutikisika?

Mtoto yeyote aliyewahi kukutwa jikoni na vipande vya kikombe anajua tofauti ya "kimevunjika" na "kimevunjwa". La kwanza ni utetezi. La pili ni mashtaka, na swali linalofuata ni moja tu: na nani? Kiswahili kimeweka kesi nzima ndani ya silabi moja.

Sasa tulisome jina hili vile tunavyosoma hadithi: sindromu ya mtoto aliyetikiswa. Kwa miongo kadhaa madaktari wa Marekani na Uingereza wamelitumia wanapopata mtoto mchanga mwenye dalili tatu: damu chini ya utando wa ubongo, damu kwenye retina ya jicho, na ubongo uliovimba, mara nyingine bila hata alama moja nje ya mwili. Majina mengi ya magonjwa hueleza kinachoonekana mwilini. Hili linasimulia tukio. Tena madaktari walifundishwa kwamba mtoto akishatikiswa huzidiwa papo hapo, kwa hivyo aliyekuwa naye mwisho ndiye mtendaji. Mwanasheria Deborah Tuerkheimer, ambaye zamani alikuwa mwendesha mashtaka Manhattan, aliliona hili mwaka 2009: kwamba utambuzi huu unakaribia kuwa utambuzi wa mauaji. Picha za hospitali zinakupa namna ya kifo, nia, na hata muuaji. Korti inabakiwa na kazi gani?

Mwanzoni hadithi haikuwa na kiburi hiki. Mwaka 1971, Norman Guthkelch, daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto mjini Hull, Uingereza, aliandika makala fupi katika British Medical Journal. Alijiuliza mbona watoto wengine wana damu kichwani ilhali nje hawana jeraha. Jibu lake: huenda walitikiswa, manake baadhi ya wazazi wa huko waliona kumtikisa mtoto ni afadhali kuliko kumchapa. Alitaka kuwaonya wazazi. Aliegemea majaribio ya 1968 yaliyofanyiwa tumbili ili kuiga gari linapogongwa kutoka nyuma. Mwaka uliofuata, Mmarekani John Caffey akaipa dhana hiyo nguvu zaidi, na sehemu ya ushahidi wake ilikuwa habari ya jarida la Newsweek kuhusu muuguzi wa watoto aliyekiri mwaka 1956. Tumbili, magari, na habari ya jarida. Hiyo inatosha kuanzisha uchunguzi. Lakini neno "huenda" lilidondoka njiani, na dhana ikafika kortini imevaa suti ya ukweli.

Mashaka nayo hayakukosekana. Mwaka 1987 timu ya Ann-Christine Duhaime huko Philadelphia ilitumia wanasesere wenye vipimo ikaona kwamba kutikisa peke yake kunazalisha nguvu ndogo sana ukilinganisha na kichwa kugonga kitu. Mwaka 2016, shirika la serikali ya Sweden linalotathmini ushahidi wa tiba lilichuja utafiti likabaki na tafiti 30. Mbili tu zilikuwa na ubora wa wastani. Zilizobaki zilikuwa duni. Hitimisho lake: ushahidi kwamba dalili tatu zinathibitisha mtikiso ni hafifu.

Lakini tusikimbie kushangilia. Wanasesere si watoto, na madaktari wengi wa watoto waliishambulia ripoti ya Sweden kwa kuuliza swali jembamba mno. Mwaka 2018 vyama vya madaktari vya nchi kadhaa vilitoa tamko kwamba utambuzi huu una msingi thabiti, na kwamba daktari makini haangalii dalili tatu pekee: anatafuta mbavu zilizovunjika, anapima magonjwa ya kuganda kwa damu, anachunguza historia. Wana hoja. Hakuna upande unaosema kumtikisa mtoto ni salama. Shingo yake ni dhaifu, kichwa chake ni kizito, na hawezi kupanda kizimbani kujieleza.

Ndiyo maana nina ugomvi kidogo na Tuerkheimer pia. Makala yake ya 2009 inaweka neno "innocence", yaani kutokuwa na hatia, kwenye kichwa chenyewe. Hoja yake kuhusu sheria inayobaki nyuma wakati sayansi imesonga ni kali, na siipingi. Lakini ukishasema ushahidi hautoshi, umesema hatujui. Kutoka "hatujui" hadi "hakufanya" ni mruko uleule waliofanya wenzake upande wa pili, ila umeelekea kwingine.

Mruko huo una gharama. Robert Roberson wa Texas alihukumiwa kifo mwaka 2003, baada ya bintiye wa miaka miwili kufariki 2002. Wahudumu wa hospitali walimwona hana huzuni usoni, na uso ule ukasomwa kama ungamo. Miaka mingi baadaye aligunduliwa ana usonji. Mawakili wake wanasema mtoto alikuwa na nimonia. Upande wa mashtaka unashikilia kwamba alipigwa. Mpelelezi aliyeongoza kesi leo anaamini walimfunga mtu asiye na hatia. Oktoba 17, 2024 alikuwa auawe kwa sindano. Wabunge wa jimbo wakamwita kutoa ushahidi, na usiku huohuo mauaji yakasimamishwa. Oktoba 2025, siku chache kabla ya tarehe nyingine, korti ikayasimamisha tena.

Mwaka 2009 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilipendekeza jina jipya: jeraha la kichwa litokanalo na unyanyasaji. Lisome taratibu. Mtikiso umeondolewa, kwa kuwa namna ya kuumia haijulikani kila mara. Unyanyasaji umebaki. Walifuta kitendo wakamwacha mshtakiwa.

Guthkelch mwenyewe hakuridhika. Uzeeni alisoma faili za kesi ya baba mmoja wa Arizona akashtuka kuona dhana yake imetumika vile. Mwaka 2012, akiwa amepita miaka 95, aliandika akipendekeza jina linalotaja kinachoonekana tu: kuvuja damu kwenye retina na chini ya utando wa ubongo kwa mtoto mchanga. Hakuna kitenzi cha kutendwa mle ndani. Daktari anaandika alichokiona. "Na nani" inaachiwa upelelezi na korti, ambazo zinalazimika kuitafuta kwa jasho lao.

Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 100. Jina lake halikushika.