Jibu Lisilojibu

Katika jadi ya kujibizana kwa mashairi, mjibu ana deni. Aghalabu huifuata bahari na vina vya aliyemuanza, na kubwa kuliko hayo, hulifungua fundo alilofungiwa. Akileta beti tamu zisizoligusa swali, wasikilizaji hawahadaiki na utamu, husema kashindwa. Kipimo hicho chaweza pia kupimia lugha ya mawaziri mbele ya wabunge.

Mfano ulio wazi umo katika Bunge la Uingereza. Mwaka 1985 serikali ililitangazia Bunge miongozo ya kuuza zana kwa Iran na Iraq, nchi zilizokuwa vitani. Vita viliposimama mwaka 1988, mawaziri watatu wa ngazi ya chini wakakubaliana kimyakimya kuilegeza. Wabunge walipouliza mwaka 1989, waliambiwa kuwa sera haijabadilika. Kesi ya wakuu wa kampuni ya Matrix Churchill ilipovunjika Novemba 1992, uchunguzi uliamriwa, na ripoti ya Jaji Richard Scott ikatolewa Februari 1996.

Ripoti hiyo yastahili kusomwa kama uhakiki wa lugha. Watetezi walidai kuwa miongozo haikubadilishwa, bali ilifasiriwa kwa wepesi zaidi. Jaji aliikataa hoja hiyo. Hata hivyo alikubali kwamba waziri aliyetia saini barua za majibu, William Waldegrave, hakuwa na nia ya kuhadaa. Hapo ndipo penye uzito: lugha ya kukwepa, ikizoeleka, humfunika macho hata anayeisema.

Huenda ikaulizwa: mbona washairi nao hufumba? Wafumba, lakini fumbo la malenga hutangaza kuwa ni fumbo, na humngoja wa kulifumbua. Jibu la waziri lilifumbwa likavishwa sura ya uwazi, na muulizaji akaondoka akidhani kajibiwa.

Machi 1997 Bunge hilo lilipitisha azimio: mawaziri watoe maelezo sahihi na ya kweli, na anayelipotosha Bunge kwa kujua atarajiwe kujiuzulu. Azimio ni jema, ila mizani yake imetundikwa kwenye nia, jambo ambalo mwenyewe ndiye alijuaye. Hadhira ya mashairi haimuulizi mjibu alikusudia nini. Hutazama fundo: limefunguka, au bado? Wabunge nao, popote walipo, wana haki ya kutazama hivyo hivyo.